Kingston, kwa Kuifuata Besi ya Family Man

Jumatatu

Aston Francis Barrett, mpiga gitaa la besi wa Bob Marley na kundi la Wailers, ambaye ulimwengu wa rege ulimfahamu kwa jina la Family Man, alifariki Miami tarehe 3 Februari 2024 akiwa na umri wa miaka 77. Tangu siku zile mimi na mwenzangu anayepiga dramu tulikuwa tukipanga kuja Kingston, mji aliozaliwa tarehe 22 Novemba 1946, na leo jioni tumefika. Uwanja wa ndege wa Norman Manley umejengwa juu ya ulimi mrefu wa mchanga uitwao Palisadoes, kwa hiyo barabara ya kuingia mjini ina bahari pande zote mbili, na mbele yako inasimama Blue Mountains ikiwa imefunikwa na mawingu. Dereva wa teksi alikuwa amefungulia redio, na kioo cha mlango upande wangu kilitetemeka kwa mlio wa besi njia nzima.

Mimi ni mpiga besi. Nimepiga katika bendi ya muziki wa dansi kwa miaka mingi, katika kazi ambayo mashabiki hulijua jina la mwimbaji, hulijua jina la mpiga solo, na mara chache sana huuliza nani alikuwa kwenye besi. Kuna mambo mawili yaliyonileta huku. La kwanza ni kujua jinsi mtu huyu alivyoweza kuutawala wimbo mzima kwa noti chache kiasi kile. La pili ni kujua kwa nini mtu aliyetunga mistari ya besi ambayo watu huiimba kwa midomo kabla hata ya kukumbuka maneno, jina lake halionekani mahali panapoandikwa jina la mtunzi.

Jumanne

Tulianzia katikati ya mji, eneo la Parade, ambako magari ya abiria, wachuuzi na wapita njia hugombea barabara ile ile moja. Pale namba 17 North Parade ndipo ilipokuwa studio ya Randy's, juu ya duka la santuri, na hatua chache kutoka hapo inaanza Orange Street, mtaa uliokuwa na maduka mengi ya santuri na watayarishaji wa muziki kiasi kwamba wenyeji waliuita Beat Street. Sehemu kubwa ya yale maduka imefungwa, ila majengo yenyewe yapo, na katika kuta chache bado kuna picha za waimbaji wa enzi ile.

Barrett alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kabla ya kuwa mwanamuziki, na mikono ile ile ndiyo iliyounda besi yake ya kwanza. Aliitengeneza mwenyewe kwa plaiwudi, shingo yake ikiwa ubao wa kawaida wa ujenzi, na mahali pa kuegemeza nyuzi aliweka kisahani cha majivu ya sigara. Mdogo wake Carlton, aliyezaliwa mwaka 1950, alianza kujifunza dramu kwa makopo matupu ya rangi. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu linaeleza mengi kuhusu walivyopiga baadaye: ni ndugu wawili waliojifunza pamoja, kila mmoja akiwa na chombo kisichoweza kutoa mlio mwingi, wakalazimika kusikilizana.

Mji wenyewe ulikuwa umeshawaandalia njia. Baada ya uhuru wa Jamaika mwaka 1962 muziki uliotamba ulikuwa ska, na katika kundi la Skatalites besi ilipigwa na Lloyd Brevett kwa ile besi kubwa ya kusimama, noti moja kwa kila pigo, mwendo wa haraka usio na kituo. Ilipofika mwaka 1966 mwendo ulipunguzwa ukawa rocksteady, na hapo wapiga besi kama Jackie Jackson na Leroy Sibbles walipata kitu ambacho Brevett hakuwa nacho, yaani nafasi. Besi iliweza kunyamaza kidogo, kisha ikarudi na sentensi yake. Barrett aliingia kazini wakati nafasi hiyo ilipokuwa imepanuka na rege ilikuwa inazaliwa.

Kundi lake na Carlton liliitwa Hippy Boys. Mwaka 1969 mtayarishaji Harry Johnson alitoa wimbo usio na maneno uitwao Liquidator kwa jina la Harry J All Stars, kinanda kikiwa cha Winston Wright na besi ikiwa ya Barrett. Ulifika nafasi ya 9 katika chati za Uingereza, na hadi leo viwanja kadhaa vya mpira nchini humo huupiga timu zinapoingia. Kisha mwaka 1972 kundi la Staple Singers la Marekani lilitoa I'll Take You There, na yeyote mwenye masikio anayezisikiliza nyimbo hizo mbili zikifuatana atatambua kwamba mwanzo wa wimbo wa Wamarekani umechukuliwa kutoka Kingston. Wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza Marekani. Mtunzi wa Liquidator ameandikwa Harry Johnson. Mtunzi wa ule wa pili ameandikwa Alvertis Isbell. Mpiga besi alikwishalipwa ujira wake wa siku studioni, na hesabu yake ikaishia hapo.

Katika mwaka huo huo wa 1969 mtayarishaji mwingine, Lee Perry, aliwahitaji wanamuziki wa kwenda Uingereza kwa jina la Upsetters, kwa sababu wimbo wake Return of Django ulikuwa umefika nafasi ya 5 huko. Wapigaji halisi wa ile rekodi walikuwa wengine. Waliokwea ndege walikuwa Hippy Boys. Hivyo ndivyo biashara ya muziki wa Kingston ilivyoendeshwa: jina la kundi lilikuwa mali ya mtayarishaji, na wapigaji walivalishwa jina lililohitajika siku hiyo.

Jumatano

Trench Town. Tulikwenda Culture Yard, ile nyumba ya uani iliyoko First Street, iliyojengwa na serikali kwa ajili ya watu wa kipato cha chini, na ambayo sasa imehifadhiwa kama makumbusho madogo. Vyumba vinazunguka uwanja mmoja, jiko ni la pamoja, na katika uwanja ule ndipo Bob Marley, Peter Tosh na Bunny Wailer walipokuwa wakikaa na kuimba. Mwenyeji mmoja alitupikia shelisheli la kuchoma, chakula ambacho mimi mtu wa pwani sikutarajia kukikuta huku, nikala kwa furaha kubwa.

Wailers walikuwa kundi la waimbaji watatu wenye sauti zilizopangika vizuri, lakini hawakuwa na bendi. Walipofanya kazi na Lee Perry mwaka 1970 na 1971, katika albamu za Soul Rebels na Soul Revolution, wapigaji nyuma yao walikuwa akina Barrett. Walipoachana na Perry waliondoka na ndugu hao wawili, jambo ambalo Perry hakulipenda hata kidogo. Kwa maoni yangu hapo ndipo Wailers wanaofahamika na dunia walipozaliwa. Sauti tatu zilikuwapo tangu mwanzo wa miaka ya sitini. Kilichoongezeka ni udongo wa kuzisimamishia.

Katika uwanja huu huu aliishi Vincent Ford, rafiki wa Marley aliyewapa vijana wengi chakula katika jiko lake. Ukiangalia wimbo No Woman, No Cry, jina la mtunzi ni lake, na inasimuliwa kwamba Marley alilitoa kwa hiari ili rafiki yake apate mirabaha ya kujikimu. Ninaliheshimu tendo hilo. Hata hivyo nilipokuwa nimesimama pale jikoni nilifikiria toleo la wimbo huo ambalo watu wengi hulipenda, lile lililorekodiwa katika ukumbi wa Lyceum jijini London mwezi Julai 1975, na jinsi besi inavyoshuka ngazi kwa ngazi chini ya kinanda wakati umati unaimba. Mshuko ule nao ulitungwa na mtu.

Alhamisi

Mvua kubwa tangu alfajiri. Tulibaki nyumba ya wageni tukisikiliza, na ninaiona kuwa siku yenye faida kuliko zote.

Tulianza na Catch a Fire ya mwaka 1973, iliyorekodiwa katika studio tatu za hapa Kingston, yaani Dynamic, Harry J na Randy's, kisha ikaongezewa gitaa na kinanda London. Wimbo wa kwanza, Concrete Jungle, besi yake si ya Family Man bali ya Robbie Shakespeare, kijana aliyekuwa mwanafunzi wake. Shakespeare, aliyezaliwa mwaka 1953, alimfuata Barrett akamwomba amfundishe, akarithi nafasi yake Hippy Boys, na baadaye yeye na mpiga dramu Sly Dunbar wakawa jozi iliyorekodi nyimbo nyingi mno duniani, hadi alipofariki Desemba 2021. Ni vizuri kuwasikiliza wakifuatana katika albamu moja. Shakespeare anarukaruka, ana haraka ya ujana na kila mara anakuonyesha kitu kipya. Mwalimu wake anachagua sentensi moja, anaisema, ananyamaza, anairudia vile vile, na kadiri anavyoirudia ndivyo unavyoitegemea.

Mwenzangu alieleza upande wa dramu kwa kupiga meza. Katika mtindo wa one drop, ambao Carlton Barrett aliukamilisha, ukihesabu mapigo manne, pigo la kwanza linaachwa tupu, na ngoma kubwa ya mguuni pamoja na ile ndogo yenye mlio mkali huanguka kwa pamoja kwenye pigo la tatu. Sisi wa muziki wa dansi tumezoea kumwonyesha mchezaji mahali pa kukanyagia tangu mwanzo wa mzunguko. Hawa ndugu wanamwacha mchezaji ajitegemee, kisha wanamdaka. Besi haiifuati ngoma kubwa noti kwa noti. Mara nyingi hupita katikati ya mapigo, ikiimba. Barrett mwenyewe alieleza katika mahojiano kwamba alipopiga alijiona kama mwimbaji wa sauti nzito katika kundi la waimbaji, na jambo hilo mtu yeyote aliyewahi kuimba kwaya atalielewa mara moja, kwa sababu sauti ya besi katika kwaya huwa na wimbo wake kamili, hata kama waumini hawaufahamu.

Kisha tulisikiliza Exodus, uliobeba jina la albamu ya mwaka 1977 iliyorekodiwa London. Wimbo una dakika zaidi ya saba na karibu wote umekaa juu ya kodi moja, yaani fungu moja la noti zinazopigwa kwa pamoja. Hakuna mahali pa kujificha kwa mpiga besi katika wimbo wa namna hiyo: habadilishi kodi, hana kibwagizo cha kumwokoa, ana msafara mmoja wa noti wa kuupeleka mbele hadi mwisho. Nilichukua gitaa nikajaribu kuupiga pamoja naye. Vidole vinaupata mara moja, kwani noti ni rahisi. Kazi iko katika urefu wa kila noti, maana Barrett hukata noti moja mapema na kuiacha nyingine iendelee mpaka iguse ifuatayo, na ukikosea kipimo hicho wimbo unasimama ingawa hujakosea noti hata moja.

Kuhusu mlio wenyewe, alitumia besi ya Fender Jazz yenye nyuzi bapa, zile zisizo na mikwaruzo ya chuma chini ya vidole, akapunguza sauti zote za juu, akapiga kwa vidole badala ya kipande cha plastiki, na amplifaya zake za kampuni ya Acoustic zikabeba uzito uliobaki. Vijana wengi wa kwetu hununua nyuzi mpya zinazong'aa ili wasikike. Yeye alisikika kwa kuondoa mng'ao.

Ijumaa

56 Hope Road, iliyokuwa nyumba ya Marley na makao ya kazi ya bendi, na tangu mwaka 1986 ni makumbusho. Kuna foleni, kuna mwongozaji, na mambo huenda kwa ratiba. Matundu ya risasi za tarehe 3 Desemba 1976, usiku watu wenye silaha walipovamia nyumba hii siku mbili kabla ya tamasha la Smile Jamaica, bado yanaonekana ukutani. Marley, mkewe Rita na meneja Don Taylor walijeruhiwa, na Marley akapanda jukwaani hata hivyo.

Nilitafuta habari za Barrett katika vyumba vile na nikaona kwamba yumo katika picha nyingi, kwa kawaida nyuma, upande mmoja, kichwa kimeinama kidogo. Lakini yeye alikuwa kiongozi wa muziki wa bendi. Baada ya Tosh na Bunny kuondoka, Marley aliporudi na wimbo wa gitaa na maneno, Barrett ndiye aliyewapangia wapigaji kazi, akaamua kinanda kiingie wapi na gitaa linyamaze wapi. Hata jina la Family Man alijipa mwenyewe kwa ajili ya kazi hiyo ya kuiweka bendi pamoja kama familia, kabla hajawa baba wa watoto wengi.

Nilisimama muda mrefu mbele ya kumbukumbu za Zimbabwe. Usiku wa tarehe 17 Aprili 1980, katika uwanja wa Rufaro, jiji ambalo wakati huo liliitwa Salisbury, bendi hii ilipiga kwenye sherehe za uhuru. Marley aligharimia mwenyewe usafirishaji wa vyombo kutoka London. Watu waliokuwa nje walisukuma ili waingie, polisi wakafyatua mabomu ya machozi, moshi ukafika jukwaani, onyesho likakatizwa kisha likaendelea, na siku iliyofuata wakapiga tena kwa ajili ya wananchi waliokosa. Kwetu Tanzania habari hii ina uzito wa pekee, kwa kuwa Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam na wapiganaji wa Zimbabwe walipata mafunzo katika ardhi yetu. Mwenzangu aliniambia, «Ndugu yangu, hebu fikiria: siku bendera ile ilipopandishwa, aliyekuwa amesimama kwenye besi ni mtoto wa fundi vyuma wa Kingston.» Nikamrekebisha kwamba fundi vyuma alikuwa yeye mwenyewe.

Jumamosi

Asubuhi tulikwenda studio za Tuff Gong, 220 Marcus Garvey Drive, zilizokuwa za kampuni ya Federal kabla ya familia ya Marley kuzichukua. Hapa ndipo Alpha Blondy wa Ivory Coast alipokuja kurekodi albamu yake Jérusalem ya mwaka 1986 akiwa na Wailers wenyewe, Family Man akiwamo, na ninaamini kazi hiyo iliifungulia rege ya Afrika mlango mkubwa kuliko tunavyokumbuka kusema. Marley alikuwa amekwishafariki tarehe 11 Mei 1981. Mwaka mmoja baada ya albamu ile, tarehe 17 Aprili 1987, Carlton Barrett aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake hapa Kingston, ilipotimia miaka saba tangu usiku wa Rufaro. Kaka yake aliendelea na bendi, lakini ile jozi iliyoanza na plaiwudi na makopo ya rangi ilikuwa imevunjika.

Alasiri tulizungumza na mzee mmoja aliyefanya kazi ya kuchanganya sauti kwa miaka mingi, na mazungumzo yakafika kwenye kesi. Mwaka 2006 Barrett alikwenda Mahakama Kuu ya London kudai mirabaha kutoka kwa kampuni ya Universal-Island na familia ya Marley, kwa niaba yake na ya marehemu mdogo wake. Madai yalitajwa kufikia pauni milioni 60. Miongoni mwake kulikuwa na suala la nyimbo ambazo ndugu hao wanatajwa kuwa watunzi, kama Who the Cap Fit, ulioandikwa kwa majina yao wawili, na War, ulioandikwa kwa jina la Carlton pamoja na Allan Cole, ambao maneno yake yametokana na hotuba ya Mfalme Haile Selassie katika Umoja wa Mataifa mwaka 1963. Jaji Lewison aliyakataa madai yote. Sehemu kubwa ya sababu ilikuwa makubaliano ya mwaka 1994, ambayo Barrett aliyatia saini, akapokea fedha na kuacha madai yake ya baadaye.

Sina ugomvi na jaji aliyeusoma mkataba kama ulivyoandikwa. Ugomvi wangu ni na desturi iliyokuwapo kabla ya mkataba wowote, ile inayouhesabu wimbo kuwa ni maneno na sauti ya mwimbaji peke yake, na kila kilichobaki kuwa ni kibarua. Katika rege hesabu hiyo ni dhuluma iliyo wazi. Ondoa besi katika Liquidator na hakuna wimbo uliobaki wa kuwekewa jina la mtunzi. Wanamuziki wa dansi wa kwetu tunaijua hali hii, kwani wengi waliotunga mistari ya gitaa na besi inayotambuliwa kila inapopigwa redioni walilipwa mara moja tu, na wajane wao hawana karatasi ya kupeleka popote. Mzee yule alisikiliza, kisha akasema kwa upole kwamba Family Man alipewa tuzo ya heshima ya taifa, Order of Distinction, mwaka 2021, na jarida la Bass Player lilimheshimu kwa kazi ya maisha mwaka 2012. Ni kweli, na nimefurahi kwamba aliyapata hayo akiwa hai. Heshima ni jambo moja, mirabaha ni jambo jingine.

Jumapili

Usiku tulikwenda Rae Town, ambako kila Jumapili mtaa hufungwa na watu wazima kwa vijana hucheza nyimbo za zamani. Spika zimepangwa barabarani kama kabati, moja juu ya nyingine. Desturi hii ya kupiga santuri hadharani ni ya tangu miaka ya hamsini, na ndiyo iliyoipa besi ya Jamaika ukubwa wake: wenye mitambo kama Duke Reid na Coxsone Dodd walishindana kuvuta wateja, mlio mzito ulisikika mitaa ya mbali kuliko sauti ya mwimbaji, na walipoanza kurekodi nyimbo zao wenyewe walitaka rekodi zinazoutendea haki mtambo. Mpiga besi akawekwa mbele kwa sababu ndiye aliyeleta watu.

Liquidator ulipopigwa, mpiga santuri alizima sauti zote za juu kwa mizunguko kadhaa na kuiacha besi peke yake. Hakuna aliyeacha kucheza. Wanawake wa rika la mama yangu waliuimba mstari ule wa besi kwa midomo, noti kwa noti.

Mzee wa jana alikuwepo, akatuuliza tunarudi lini, kisha akatueleza habari za Aston Barrett Mdogo. Huyu aliwahi kupiga dramu katika Wailers nyuma ya besi ya baba yake, akaigiza nafasi ya baba huyo katika filamu Bob Marley: One Love iliyoanza kuonyeshwa siku chache baada ya msiba, na sasa ndiye anayeiongoza bendi. Mzee alisema bendi ikifika karibu na kwetu twende tukaisikilize, ila tusikae mbele ya mwimbaji. Twende upande iliko spika ya besi, na tufike mapema kwa sababu wapiga besi wote wa mji watakuwa wameshajipanga hapo.